Motokaa ndogo na gia zijibadilishazo zenyewe: somo kutoka kwa Mini

Mwezi wa Agosti 1959 kampuni ya British Motor Corporation ya Uingereza ilianza kuuza motokaa ndogo iliyobuniwa na Alec Issigonis, ambayo baadaye ulimwengu mzima uliijua kwa jina la Mini. Urefu wake ulikuwa takriban mita 3 tu, na bado iliwachukua watu wanne. Siri ilikuwa katika injini. Issigonis aliilaza kukingama, ubavu kwa ubavu na ekseli, kisha akalitia sanduku la gia chini yake, ndani ya sampu, yaani karai la mafuta. Injini na gia zikawa zinaoga katika mafuta yale yale. Gari hilo liliendelea kutengenezwa hadi mwaka 2000, na zaidi ya milioni 5 ziliuzwa.

Hadi leo wapo wenye Mini za zamani wanaotaka kuondoa gia za mkono na kutia gia za otomatiki. Wengine hupenda wepesi tu katika misongamano ya mjini. Lakini kuna ambao jambo hili kwao si anasa. Dereva ambaye mguu wake wa kushoto umepooza au umekatwa hawezi kukanyaga klachi, na kwake uamuzi ni kati ya kuligeuza gari au kuliacha kabisa. Huko Uingereza tena, leseni iliyopatikana kwa mtihani wa gari la otomatiki haimruhusu mtu kuendesha gari lenye klachi. Kwa hiyo swali ni la kweli, na jibu lake limo katika fizikia ya kidato cha tatu na cha nne.

Injini ya petroli ina udhaifu mmoja mkubwa: haina nguvu inapozunguka polepole, na ikisimama haina nguvu kabisa. Magurudumu nayo huhitaji kani kubwa kuliko wakati wote pale gari linapoanza kuondoka. Klachi na gia za mkono hupatanisha mambo haya mawili kwa msaada wa mguu na akili ya dereva. Katika otomatiki kazi ya klachi hufanywa na kigeuzi cha majimaji, chombo ambacho asili yake ni hataza aliyoipata Mjerumani Hermann Föttinger mwaka 1905 kwa ajili ya meli.

Mwanafunzi achukue feni mbili za mezani azielekezane, kisha awashe moja. Ile isiyowashwa itazunguka pia kwa kusukumwa na upepo. Kigeuzi hufanya vivyo hivyo, ila mahali pa upepo pana mafuta. Pampu iliyofungwa kwenye injini huyarusha mafuta, nayo turbini iliyofungwa kwenye gia huyapokea. Kati yao kuna gurudumu la tatu, kielekezi, ambalo huyapindua mafuta yanayorudi ili yaisaidie pampu badala ya kuipinga. Hapo ndipo tofauti na feni inapokuja: kwa sababu ya kielekezi, kani ya kuzungusha inayotoka huweza kuizidi ile inayoingia. Katika Mini iliweza kufika mara mbili, turbini ikiwa bado imesimama.

Sanduku la otomatiki la Mini lilitangazwa mwaka 1965, likitengenezwa na kampuni ya Automotive Products. Otomatiki nyingi za siku zile zilikuwa na gia tatu za kwenda mbele na zilikusudiwa injini kubwa, hasa za Kimarekani. Injini ya Mini ilikuwa na ujazo wa sentimita za ujazo 848 tu na haikuwa na nguvu za kupoteza. Kwa hiyo likatengenezwa sanduku lenye gia nne, nalo halikutumia mpangilio wa kawaida wa gia za sayari, bali gia za mshazari zenye umbo la pia, ili yote yaenee katika nafasi ile finyu chini ya injini. Ulikuwa ufundi wa hali ya juu, na hausifiwi kadiri unavyostahili.

Hesabu yafaa ifanywe. Injini hiyo hutoa kani ya kuzungusha ya takriban nyutoni-mita 60 inapozunguka mara 2,900 kwa dakika. Katika gari la gia za mkono la miaka ya mwanzo, uwiano wa gia ya kwanza ni 3.63 na wa gia ya mwisho karibu na magurudumu ni 3.76. Kwa hiyo magurudumu hupata 60 × 3.63 × 3.76, yaani takriban nyutoni-mita 819. Nusu kipenyo cha gurudumu ni kama mita 0.25, hivyo kani inayolisukuma gari ni nyutoni 3,276. Katika otomatiki gia ya kwanza ni 2.69 tu. Kwa uwiano ule ule wa mwisho jibu ni nyutoni-mita 607, na mwanafunzi aweza kudhani gari limedhoofika. Lakini kigeuzi kikizidisha mara mbili, kani hufikia nyutoni 4,855 kabla msuguano haujatoa sehemu yake. Kwa kweli huwa pungufu ya hapo, kwa kuwa injini haiwezi kufikia mizunguko 2,900 wakati turbini imesimama. Hata hivyo, yatosha kueleza kwa nini gia ya kwanza ya otomatiki iliweza kuwa ndefu kiasi hicho.

Faida hiyo hulipiwa. Nguvu ni kani ya kuzungusha mara kasi ya mzunguko. Tuseme turbini inazunguka kwa nusu ya kasi ya pampu, na kani imezidishwa mara 1.4. Ufanisi ni 1.4 × 0.5, yaani asilimia 70. Injini ikitoa kilowati 10, kilowati 3 zinageuka joto ndani ya mafuta, sawa na majiko madogo ya umeme mawili au matatu yakiwaka pamoja. Na katika Mini mafuta hayo ndiyo pia yanayolainisha krenki na pistoni! Kwa sababu hiyo sanduku hili hutiwa oili ya injini, si mafuta mekundu ya otomatiki za kawaida, na oili na chujio lake lazima vibadilishwe bila kuchelewa. Vumbi la bendi na klachi ndogo za ndani huzunguka katika oili ile ile inayopita kwenye beringi za injini.

Hapa ndipo mgeuzaji anapokutana na ukweli mchungu. Katika magari mengi sanduku la gia hufunguliwa na kutiwa jingine, injini ikabaki. Katika Mini haiwezekani kirahisi hivyo. Krenki ya injini ya otomatiki imechongwa tofauti upande wa kigeuzi, na sanduku lenyewe ndilo sampu. Njia yenye busara ni kupata injini na sanduku lake kutoka gari lililozaliwa otomatiki, na kuvihamisha vikiwa kitu kimoja. Anayejaribu kuchanganya vipande hutumia pesa nyingi akapata gari bovu.

Kazi inayobaki ni ndogo lakini ndiyo yenye hatari. Kanyagio la klachi na silinda zake huondolewa. Waya wa kuvuta kutoka kwenye mkono wa gia hurekebishwa kwa makini mno: ukikosea milimita chache, valvu haifunguki sawasawa, shinikizo hupungua, na bendi huteleza hadi zikaungua. Fito inayounganisha kabureta na sanduku nayo hupimwa, maana ndiyo inayolijulisha sanduku dereva amekanyaga kiasi gani. Swichi ya usalama lazima iungwe mfululizo na waya wa stata, ili injini iwake tu gia ikiwa huru. Bila hiyo gari huweza kuruka mbele na kumgonga mtu. Jambo jingine la kukumbukwa ni kwamba mkono wa gia wa Mini hauna nafasi ya kuegesha. Gari likiachwa mlimani, breki ya mkono peke yake ndiyo inayolizuia, kwa hiyo nyaya zake zikaguliwe kabla gari halijatoka karakana.

Sehemu zilizoondolewa zisitupwe. Zipakwe oili na kuhifadhiwa kavu, kwani siku moja gari laweza kumfikia mwenye miguu miwili mizima.

Zoezi: Gari hili pamoja na dereva lina masi ya kilogramu 700, na magurudumu ya mbele, ambayo ndiyo yanayoendeshwa, hubeba asilimia 60 ya uzito. Kizigeu cha msuguano kati ya mpira na lami ni 0.7. Tafuta kani kubwa kabisa inayoweza kulisukuma gari kabla magurudumu hayajateleza, uilinganishe na nyutoni 3,276 na 4,855, kisha ueleze ni kitu gani hasa kinachoweka mpaka wa mwondoko. (Chukua g = 9.8.)