Kitalu au Msingi? Istilahi ya Fizikia ya Tabaka Moja

Utangulizi
Mwanafunzi wa shule ya upili wa Kebirigo, Kaunti ya Nyamira, hufundishwa fizikia kwa Kiingereza. Akitaka kuieleza kwa Kiswahili hukwama. Makala hii inachunguza dhana moja mpya na kuonyesha kwamba tatizo si uhaba wa maneno, bali uteuzi wake.

Dhana
Kijiti cheusi cha penseli kina grafiti, yaani matabaka ya kaboni yaliyopangana. Mwaka 2004, Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester walitangaza kupata tabaka lenye unene wa atomu moja, grafini, kwa kuibandua grafiti kwa utepe wa gundi. Walitunukiwa Tuzo ya Nobeli mwaka 2010. Grafini hupitisha umeme kwa wepesi mkubwa.

Mjadala
Neno “tabaka” linatosheleza. Utata uko katika kuitaja fuwele au metali ambayo juu yake tabaka huoteshwa. Tafsiri ya haraka ni “msingi”. Lakini msingi wa nyumba hubeba ukuta bila kuubadilisha tabia, ilhali fuwele hubadilisha. Katika uso wa silikoni wa fuwele ya silikoni kabidi, tabaka la kwanza la kaboni hufungamana na fuwele na kukosa upitishaji wa grafini. Tabaka linalofuata ndilo lenye sifa hiyo. Juu ya shaba, grafini huoteshwa kwa gesi ya methani katika joto la takriban nyuzi 1000 za Selsiasi, kisha huhamishiwa kwingine.

Kebirigo ni nchi ya majani chai. Mkulima wa huko anajua kwamba kipandikizi hulelewa kitaluni, huathiriwa na udongo wake, kisha huhamishiwa shambani. “Kitalu” basi kina maana ya kubeba, kuathiri na kuhamisha. Mpinzani atasema kuwa grafini ya silikoni kabidi huweza kubaki ilipoota. Ni kweli; hata hivyo, sifa ya kuathiri, iliyo kiini cha dhana, inabaki, nayo “msingi” haina.

Hitimisho
Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ilichapishwa mwaka 1990, miaka 14 kabla ya tangazo la Manchester. Haikuweza kuitaja grafini. Pengo hilo ni jukumu la wanafunzi wa Kiswahili: waisome sayansi kwanza, ndipo waiundie istilahi.