DAFTARI LA WAGENI NI DIRA YA CHAMA

Baadhi ya wakulima wa kahawa katika miteremko ya Kilimanjaro hupokea watalii wanaotaka kuona kahawa ikichumwa, ikikobolewa na kukaangwa. Chama kinapoingia katika kazi hiyo, swali moja huzuka upesi katika mkutano mkuu: je, ijengwe nyumba nyingine ya kulala wageni? Swali hilo halijibiwi kwa makofi. Fedha itakayotumika ni jasho la wanachama, na jasho hulindwa kwa hesabu.

Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii 1,527,230 kutoka nje. Mwaka 2020, safari zilipokatizwa na korona, walishuka hadi 620,867. Mwaka 2023 walifika 1,808,205. Kwanza, tarakimu hizo zaonyesha kuwa biashara hii yaweza kuanguka ghafla kwa sababu zilizo nje ya uwezo wa chama. Pili, jumla ya taifa haielezi kama vitanda vya chama vimejaa au ni vitupu. Hilo huelezwa na daftari la chama chenyewe.

Katibu hana budi kuandika kwa kila mgeni: tarehe, atokako, aliyemleta, idadi ya siku alizolala, fedha aliyolipa na malalamiko yake. Kila mwisho wa mwezi afanye majumlisho.

Mfano: chama kina vitanda 8. Agosti ina siku 31, hivyo nafasi za kulala ni 248. Zikitumika 186, ni asilimia 75. Aprili ina nafasi 240; zikitumika 36, ni asilimia 15 tu. Anayetazama Agosti peke yake atakopa ajenge. Anayetazama miezi yote ataona kwamba nyumba mpya ingelala tupu wakati wa masika, huku riba ikiendelea kudaiwa. Pengine lifaalo ni kupunguza bei Aprili kwa wanafunzi na wageni wa humu nchini, kufanya matengenezo wakati huo, na kupanga mapema zamu za Agosti, kwa kuwa mavuno nayo huhitaji mikono.

Tena, daftari likionyesha kuwa wageni wengi huletwa na wakala mmoja, bodi itafute wengine kabla huyo hajaondoka.

Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari.

Maswali ya kujadiliwa:
1. Ni mwezi gani vitanda vya chama hukaa vitupu, na kwa nini?
2. Ni malalamiko gani yaliyorudiwa zaidi ya mara mbili?
3. Mkopo utalipwaje wageni wakipungua kwa nusu?