Trekta Kwanza, Ndipo Mashine ya Kukatia Majani



Miradi mingi ya ng'ombe wa maziwa hulegea kuanzia Agosti, na mara nyingi sababu si ugonjwa bali ni njaa. Majani huwa tele mwishoni mwa masika, kisha hukomaa shambani na kubaki mabua. Ndiyo maana vikundi vinaomba mashine za kukatia hei. Somo la toleo hili linahusu kuoanisha mashine hiyo na trekta lililopo, kwa maana mashine ikilizidi trekta, fedha ya mfadhili itakuwa imenunua mahali pa kuku kutagia.

Tuanze na hesabu. Nguvu-farasi zinazotajwa dukani kwa kawaida ni za injini. Kinachoifikia mashine ni nguvu ya shafti ya PTO, ile inayochomoza nyuma ya trekta, nayo ni pungufu. Chukueni Massey Ferguson 135, ambalo mafundi wetu wengi wanalifahamu. Injini yake ni farasi 45 hivi, na kwenye PTO zinabaki kama 37. Halafu kuna mwinuko. Injini ya dizeli isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, kwa kuwa hewa inakuwa nyepesi. Kwenye shamba la West Kilimanjaro lililo mita 1,500 utapoteza kama asilimia 15, na zile 37 zitakuwa 31 au 32. Hapo tunasema trekta ni zima! Lile ambalo pampu yake ya dizeli haijapimwa kwa miaka mingi lina chini ya hapo.

Sasa tuangalie mashine zenyewe. Ile ya kisu kirefu chenye meno, kinachokwenda na kurudi kama mashine ya kinyozi, inahitaji nguvu kidogo. Yenye upana wa mita 1.5 huendeshwa hata na trekta la farasi 20. Kasoro yake ni kunoa kila mara, na majani yaliyolala huiziba. Ile ya madramu mawili yanayozunguka hukata hata majani yaliyolala, na visu vyake vidogo hubadilishwa kwa dakika chache. Lakini kwa kila mita ya upana inakula nguvu mara tatu au nne zaidi. Kwa upana wa mita 1.65 watengenezaji wengi huomba trekta la farasi 35 hadi 40 au zaidi. Ina uzito wa mamia ya kilo, na wote unaning'inia nyuma upande wa kulia. Trekta dogo linaweza kuiendesha tambarare, kisha likanyanyua magurudumu ya mbele mlimani.

Kwa hiyo MF 135 letu la mlimani liko ukingoni kabisa. Ningechagua dramu ya mita 1.35, au kisu cha meno kama kikundi kina mtu mvumilivu wa kunoa. (Slasha isihesabiwe hapa. Hukatakata majani vipande vipande, na vingi hupotea wakati wa kukusanya.)

Wengine watasema mashine ndogo itachelewesha kazi. Kisu cha mita 1.5, kwa mwendo wa kilometa 6 kwa saa, hukata kama ekari moja na nusu kwa saa baada ya kutoa muda wa kugeuza. Ekari 10 ni kazi ya siku moja. Kinachochelewesha ni kugeuza majani juani na kufunga marobota kwa sanduku la mbao, na hapo trekta kubwa halisaidii.

Fundi akague pia klachi. Kwenye matrekta ya zamani yenye klachi ya hatua moja, madramu yakishika kasi huendelea kulisukuma trekta hata ukikanyaga klachi. Yanahitaji kiungo cha shafti kinachoachia. Kifuniko cha shafti kiwepo, na watoto wakae mbali sana, kwani dramu hurusha mawe.

Kamati itakayoomba mashine robo ijayo iambatanishe aina ya trekta na nguvu zake za PTO, mwinuko wa shamba, idadi ya ekari na mteremko wake, pamoja na sahihi ya fundi aliyelikagua trekta hilo likiwa linafanya kazi.