Chekeche la Mulini na Masomo ya Mekanike



Mnakumbuka ile juma mashine ya kusaga iliyo karibu nasi iliponyamaza. Motere ilikuwa nzima, mafuta yalikuwapo. Kilichopasuka ni chekeche tu, ile bati ya chuma yenye matundu madogo inayozuia mahindi yasitoke mbele ya kuwa unga. Lingine halikupatikana katika muji mzima. Siku nne wamama wa jikoni walitwanga kwa kinu, nasi tulikula bukari kisha jua kushuka. Sisi wa darasa la sita, watu wa mathe-fizike, tulilalamika sana, lakini hakuna hata mumoja wetu aliyeweza kueleza sababu gani mashine kubwa inashindwa na kitu kidogo vile. Basi tuliuliza na kusoma, na haya njo tuliyopata.

Shida hii si yetu peke yetu. Amy Smith alimaliza masomo ya mekanike katika iniversite ya MIT, kule Marekani, mwaka wa 1984, kisha akaenda kutumika Botswana kama mtu wa kujitolea. Aliporudi katika mekanike alifanya uchunguzi juu ya mulini ya nyundo. Mutu angefikiri kwamba atatafuta chekeche la chuma kigumu zaidi. Hapana. Yeye aliuliza kama mulini inaweza kusaga bila chekeche kabisa.

Jibu, mama zetu wanalijua tangu zamani. Mwenye kupepeta kwa lungo anaacha upepo uchukue makapi, nafaka nzito inarudi chini. Katika mashine ya Amy Smith ni vile vile: nyundo zinazunguka, zinavunja mahindi na kuendesha hewa. Vipande vizito vinatupwa pembeni, vinapigwa tena. Unga mwepesi unafuata hewa na kutoka.

Hapa wadogo wetu wachukue kalamu. Tazameni kipande cha mviringo chenye upana wa milimetre 2, na kingine cha milimetre 1. Eneo linalosukumwa na upepo limepunguka mara 4, lakini uzito umepunguka mara 8. Kwa hiyo kile kidogo, ukilinganisha na uzito wake, kinatoa kwa upepo eneo mara mbili. Ni hesabu ya kalasi yetu kabisa, tuliifanya mara ngapi bila kufikiri unga! Na mashine ya namna hii fundi wa muji anaweza kuitunza, kwani bati yenye matundu sawasawa ni ngumu kutengeneza kwa mukono. Mwaka wa 2000 Amy Smith alipewa zawadi ya wanafunzi wavumbuzi, dola 30.000, mwanamuke wa kwanza kuipata. Wadada wa masomo yetu wasikie.

Namna gani wanafunzi wa kule wanaishi? Tangu miaka ya 1970 mwalimu Woodie Flowers, aliyekufa mwaka wa 2019, aliendesha somo ambamo kila mwanafunzi anapokea vitu vile vile, anatengeneza mashine yake mwenyewe, na mwishoni mashine zinashindana mbele ya watu wote. Kukata na kutoboa ni kazi ya mwanafunzi. Katika somo lingine, lililoanzishwa na Amy Smith mwaka wa 2002, wanafunzi walikula juma moja kwa dola 2 tu kila siku. Wengine kati yetu watacheka: kwao ni mazoezi!

Kwenye mhuri wa MIT kuna watu wawili, mumoja na kitabu, mwingine na nyundo. Kwetu, siku ya kazi ya mukono, mwenye kitabu anajificha nyuma ya kalasi. Majina tunayajua, hatutayaandika.

Mwenye mulini ametuachia chekeche lililopasuka. Liko mu kalasi ya fizike, juu ya kabati. Siku ya posho, kisha kufagia, tutatwanga mahindi, tutatenga vipande kwa ukubwa, tutaviangusha mbele ya upepo na kupima kila aina inafika metre ngapi. Wamama wa jikoni wamekubali kutuazima lungo mbili. Kila mutu alete daftari.