SOMO KWA WATUMISHI: KIKOKOTOO CHA MAFAO NA MAANA YAKE

Watumishi wa umma na wananchi kwa jumla wamekuwa wakiufuatilia mjadala wa mafao ya kustaafu uliozuka Tanzania Bara mwaka 2018. Watumishi wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar wanahudumiwa na ZSSF, Mfuko wenye sheria yake, na hesabu za somo hili zisichukuliwe kuwa ndizo za Mfuko huo. Hata hivyo, mjadala huo una mafunzo kwa kila anayetarajia kustaafu, Unguja na Pemba.

CHANZO CHA MJADALA

Mwaka 2018 mifuko ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF iliunganishwa kuwa PSSSF. Kanuni zilizofuata ziliweka malipo ya mkupuo kuwa asilimia 25 ya mafao, ilhali wanachama wa PSPF na LAPF walizoea asilimia 50. Vyama vya wafanyakazi vilipinga, na tarehe 28 Desemba 2018 Rais John Magufuli aliagiza vikokotoo vya awali viendelee kutumika. Kuanzia tarehe 1 Julai 2022 kilianza kutumika kikokotoo kimoja chenye mkupuo wa asilimia 33. Katika bajeti ya mwaka 2024/2025 Serikali ilitangaza asilimia 40 kwa waliokuwa wakipata 50, na asilimia 35 kwa waliokuwa wakipata 25.

NAMNA HESABU INAVYOFANYWA

Kikokotoo kina tarakimu tatu. Ya kwanza ni sehemu ya mshahara wa mwaka inayohesabiwa kwa kila mwezi wa utumishi: zamani 1/540, baadaye 1/580. Ya pili ni asilimia ya mkupuo. Ya tatu ni idadi ya miaka ambayo mkupuo huzidishwa nayo: zamani 15.5, baadaye 12.5.

Na achukuliwe mtumishi aliyefanya kazi miezi 360, ambaye mshahara wake wa kukokotolea ni Sh. 1,000,000 kwa mwezi:

(a) Kikokotoo cha zamani, asilimia 50: mkupuo Sh. 62,000,000, pensheni ya mwezi Sh. 333,333.
(b) Cha mwaka 2022, asilimia 33: mkupuo Sh. 30,724,138; pensheni ya mwezi Sh. 415,862.
(c) Cha mwaka 2024, asilimia 40: mkupuo Sh. 37,241,379, pensheni ya mwezi Sh. 372,414.

MAFUNZO

Kwanza, kutoka (b) kwenda (c) mstaafu huongezewa Sh. 6,517,241 mkononi na kupungukiwa Sh. 43,448 kila mwezi. Bila kuzingatia riba na kupanda kwa bei, tofauti hiyo hufidiana baada ya miezi 150, yaani miaka 12 na nusu. Mwenye kuishi zaidi ya hapo hunufaika na pensheni kubwa ya mwezi. Mwenye nyumba isiyokwisha au watoto walioko masomoni huuhitaji mkupuo mapema. Kila upande una hoja yake.

Pili, asilimia peke yake haitoshi kueleza mabadiliko. Lau asilimia 50 ingerejeshwa na tarakimu nyingine mbili zikabaki za mwaka 2022, mkupuo ungekuwa Sh. 46,551,724 na pensheni ya mwezi Sh. 310,345. Vyote viwili viko chini ya vile vya zamani. Hapo ndipo penye upungufu halisi, ingawa mjadala mwingi ulielekea kwenye asilimia.

Tatu, Mfuko nao una mzigo wake. Kabla ya mwaka 1999 watumishi wa Serikali Kuu hawakuwa wakichangia, na deni la utumishi wa miaka hiyo liliangukia mfuko uliotegemea michango. Ahadi isiyo na fedha nyuma yake humfikia mstaafu kwa kuchelewa.

Kwa hiyo, kila mtumishi anashauriwa kuhakiki mapema tarehe yake ya kuajiriwa, michango iliyowasilishwa na mwajiri wake na mshahara ulioandikwa katika kumbukumbu. Mwezi mmoja uliokosekana katika jalada hupunguza mkupuo, na hupunguza pensheni kwa maisha yote ya mstaafu.