SOMO LA HISTORIA: MANOWARI ZILIZOKOSA MAKOMBORA

Leo tusome habari za vita vya baharini. China na Japani ni majirani, huko mashariki ya Asia. Kati yao kuna bahari. Mwaka 1894 walipigana kwa sababu ya nchi ya Korea. Kila mmoja alitaka awe na sauti huko.

Wengi walidhani China itashinda tu. Ilikuwa na manowari mbili kubwa, Dingyuan na Zhenyuan, zilizotengenezwa Ujerumani. Kila moja ilikuwa na mizinga minne mikubwa, na mdomo wa mzinga mmoja ulikuwa na upana wa sentimeta 30. Ubavuni zilikuwa na bamba nene la chuma. Japani haikuwa na meli nzito kama hizo.

Lakini baada ya mwaka 1888 China haikununua tena manowari kubwa. Fedha za jeshi la majini zilipelekwa kutengeneza bustani na majumba ya Cixi, malkia mzee aliyekuwa na nguvu kuliko mfalme mwenyewe. Katika bustani hiyo, ziwani, kuna meli ya mawe. Chini ni mawe, juu ni mbao zilizopakwa rangi zifanane na mawe. Ilitengenezwa upya mwaka 1893. Ipo mpaka leo, na haijasafiri hata hatua moja!

Mwaka huohuo wa 1893, Mfalme Meiji wa Japani alitoa fedha za nyumba yake kusaidia kununua manowari. Watumishi wa serikali nao walikatwa sehemu ya kumi ya mishahara yao. Sisi hatudhani kwamba wote walifurahi. Japani ilikuwa na meli nyepesi zenye mbio, kama Yoshino, iliyotengenezwa Uingereza. Mizinga yake ilikuwa midogo, lakini ilipiga upesi upesi, mara kadhaa kwa dakika moja. Mzinga mkubwa wa China ukishapiga mara moja, kuujaza tena ni kazi ya dakika nzima au zaidi.

Walikutana tarehe 17 Septemba 1894, karibu na mdomo wa mto Yalu. Mkuu wa Wachina, Ding Ruchang, aliumia mapema. Meli za Japani ziliwazunguka Wachina huku zikipiga. Dingyuan na Zhenyuan zilipigwa zaidi ya mara mia kila moja, na lile bamba nene halikutoboka. Basi tatizo lilikuwa nini? Makombora ya kulipuka ya ile mizinga mikubwa yalikuwa machache mno. Nahodha Deng Shichang, meli yake ikiwa imekwisha haribika, aliielekeza kwa adui ili aigonge. Ilizama kabla ya kufika, naye akafa pamoja na karibu mabaharia wake wote.

China ilipoteza meli tano. Japani haikuzamishiwa hata moja.

Meli zilizobaki zilijificha bandarini Weihaiwei. Mwanzoni mwa 1895 Wajapani walikuja kwa nchi kavu, wakateka ngome, wakaigeuza mizinga ya ngome hizo kuzipiga meli za wenyewe. Ding akajiua. Zhenyuan ikatekwa, ikawa manowari ya Japani. Mwezi Aprili China ilikubali kutoa kisiwa cha Taiwan, kilichokaa chini ya Japani mpaka 1945, pamoja na malipo makubwa sana ya fedha.

Zoezi: Jadilianeni kikundini. Ungekuwa nahodha wa Dingyuan, ukajua makombora ni machache, ungemwambia nani, na lini?