Mzaituni Mwitu wa Chepseon na Chupa Zinazouzwa Mjini

Katika darsa la juma lililopita ndugu yetu mmoja, dereva wa lori, alituletea kifurushi cha majani makavu aliyopewa Chepseon, katika njia itokayo Nakuru kwenda Kericho. Akatuuliza: Je, huu ndio mzaituni uliotajwa katika Qur'ani? Na je, ni kweli kwamba maji yake yaponya ugonjwa wa sukari, ili ampe mama yake? Twapenda kumjibu hapa mbele ya wote, kwani chupa za dawa hiyo zauzwa hapa mjini, tena zimebandikwa aya ubavuni.

Amma swali la kwanza, mti huo ambao Wakipsigis huuita emitiot ni jamaa wa karibu sana. Wataalamu wa mimea wauhesabu kuwa ni jinsi moja na mzaituni wa Sham, ila ni tawi jingine la jinsi hiyo, liotalo lenyewe katika misitu ya bara. Matunda yake ni madogo, na mafuta yake ni haba.

Swali la pili lataka subira. Uchungu wa majani ya mzaituni watokana khasa na kitu kiitwacho oleuropeini, nacho ni katika jamii ya fenoli, ambayo ndiyo itiayo ukakasi katika majani ya chai ya huko huko Kericho. Sasa kata biringani uliache mezani: hewa italigeuza jeusi. Lipake ndimu, nalo litakawia kugeuka. Kitu chenye kuzuia uharibifu wa namna hiyo huitwa antioksidanti. Wataalamu hukipima kwa kutia maji ya majani katika dawa yenye rangi ya zambarau. Rangi ikififia ikawa manjano, hujua kuwa majani yana nguvu hiyo. Majani ya mzaituni hufaulu mtihani huu. Chai nayo hufaulu, nasi twainywa asubuhi na jioni, wala hatujasikia aliyepona sukari kwayo (na jinsi tunavyoitia sukari!).

Hapa ndipo mchuuzi arukapo kutoka kwenye bilauri mpaka tumboni mwa mgonjwa, na katikati hapana daraja. Huko Finland wanaume zaidi ya 29,000 wavutao sigara waliingizwa katika jaribio, baadhi yao wakipewa vidonge vya betakaroteni, nayo ni antioksidanti ipatikanayo katika karoti. Ilitarajiwa iwakinge na saratani. Matokeo yalipotangazwa mwaka 1994, waliopewa betakaroteni walionekana kupata saratani ya mapafu zaidi kuliko wasiopewa, kwa kiasi cha 18 katika mia.

Wala jambo hili si geni kwetu. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliweka katika kitabu cha pili cha Qanun masharti ya kuijaribu dawa, na moja katika hayo ni kwamba ijaribiwe katika mwili wa mwanadamu, kwani lifaalo kwa simba au farasi huenda lisimfae mtu. Na bilauri iko mbali nasi zaidi kuliko farasi!

Hatusemi kwamba mti hauna faida. Mwaka 2011 yalitolewa matokeo ya jaribio la Indonesia, ambamo wagonjwa wa presha walipewa dawa iliyokamuliwa katika majani ya mzaituni wa kawaida, miligramu 500 mara mbili kwa siku, muda wa wiki 8, na presha yao ikashuka. Lakini hiyo ilikuwa dawa iliyopimwa, na wagonjwa walikuwa chini ya macho ya matabibu. Chupa ya mjini haina kipimo, wala hapana ajuaye mna majani gani ndani yake.

Mwaka jana tulimzuru jirani yetu, tukamkuta amekatwa mguu wa kushoto. Alikuwa akimeza vidonge vya hospitali miaka mingi, kisha akaviacha miezi minne kwa ajili ya chupa kama hizi. Aliyemwuzia alimwambia kwamba kuchanganya dawa ya Mungu na dawa za makafiri ni upungufu wa imani. Subhanallah! Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tujitibu, na imepokewa kwake kwamba ajitiaye utabibu na hali hajulikani kwa elimu hiyo, basi yeye ni mdhamini wa madhara aliyoyaleta. Mafaqihi wameijengea hukumu hadithi hii, nayo yamhusu mchuuzi huyu. Suratun-Nur imeutaja mzaituni kuwa mti wenye baraka; haikumpa yeye ijaza ya utabibu. Na aya aliyoibandika, dawa ikiisha, hutupwa jaani pamoja na chupa.

Ndugu yetu dereva tumemwambia mama yake asiache vidonge vyake hata siku moja, na kifurushi akipeleke kwa tabibu amtibuye kabla ya kuchemsha jani lolote, kwani majani ya mzaituni huweza kushusha sukari na presha, na yakikutana na vidonge vifanyavyo kazi hiyo hiyo, huenda vikashuka kupita kiasi, mgonjwa akaanguka usiku na hapana wa kumwona.